Wachora Ramani na Kimya Chao

Juni 1968, wasanifu majengo wa Marekani walikusanyika Portland, jimbo la Oregon, kwa mkutano mkuu wa taasisi yao. Mikutano ya namna hiyo ina desturi zake: hotuba za kupongezana, tuzo, maonyesho ya vioo na vigae vipya, chakula cha jioni cha kukata na shoka. Mwaka huo hali ya nchi haikuruhusu sana shamrashamra. Martin Luther King alikuwa ameuawa Aprili 4, na Robert Kennedy akauawa mwezi huo huo wa Juni. Mitaa ya watu weusi ya Washington, Chicago na Baltimore ilikuwa haijazoa majivu ya ghasia zilizofuata kifo cha King. Waandaaji wakaona wamwalike mgeni kutoka nje ya fani: Whitney Young, mzaliwa wa Kentucky, mtaalamu wa ustawi wa jamii, aliyekuwa akiongoza National Urban League tangu 1961, shirika lililopigania ajira na makazi ya Wamarekani weusi.

Young hakuwa mtu wa fujo. Vijana wenye hasira wa zama zile walimwona mpole kupita kiasi, mtu wa kuketi meza moja na marais na wenye viwanda. Labda ndiyo sababu maneno yake yalichoma zaidi. Aliwaambia wenyeji wake kwamba taaluma yao haikuwa na mchango wa kutajika katika kupigania haki za raia, na kwamba kilichowatambulisha ni kimya chao kizito na kutokuwa na lao katika jambo lolote la maana. Aliwataka watupe jicho ukumbini waone wenyewe jinsi weusi walivyokuwa wa kutafuta kwa tochi. Kuhusu mitaa ya ufukara iliyobanana mijini, alisema haikuota kama uyoga. Ilipangwa, na kuipanga kulihitaji ustadi wa watu waliosoma.

Waliosoma ni wao. Hakuna aliyeshindwa kuelewa.

Na pale pale Portland mfano ulikuwapo, ng'ambo tu ya mto Willamette. Mtaa wa Albina ndio uliokuwa makazi makuu ya watu weusi wa mji huo, kwa kuwa madalali wa nyumba na mabenki hawakutaka wakae kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mamia ya nyumba za mtaa huo zilibomolewa kupisha Memorial Coliseum, ukumbi wa michezo uliofunguliwa 1960. Katika miaka ya 1960 barabara kuu ya I-5 ikaupasua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hospitali ya jirani ikavunja nyumba na maduka mengine mengi kwa ajili ya upanuzi. Fedha za serikali zikakatika njiani, na viwanja vikaota nyasi kwa miongo kadhaa.

Coliseum yenyewe ni kazi nzuri, hilo lisemwe. Ni sanduku kubwa la kioo ambalo paa lake limebebwa na nguzo nne tu, na ndani yake kuna bakuli la zege lenye viti vya watazamaji. Waliolichora ni kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill, majina makubwa kabisa ya enzi ile. Mwaka 2009, ulipozuka mpango wa kulibomoa ili kujenga uwanja wa besiboli, wasanifu wa Portland walikuwa mstari wa mbele kulitetea, na jengo likaingizwa katika daftari la taifa la maeneo ya kihistoria. Nyumba zilizobomolewa kulipisha hazikupata watetezi wa namna hiyo.

Kimya ambacho Young alikisema kilikuwa na historia. Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani, AIA, ilizaliwa Februari 1857, wasanifu 13 walipokutana New York katika ofisi ya Richard Upjohn. Wakati ule seremala au mwashi yeyote aliweza kujiita msanifu, kwa maana leseni hazikuwapo. Jimbo la kwanza kutunga sheria ya leseni, Illinois, lilifanya hivyo mwaka 1897. Wale 13 walitaka heshima ya kazi yao, mikataba inayoeleweka, na ada isiyochezewa na washindani. Hayo ndiyo yaliyowakutanisha, na kwa zaidi ya miaka 100 hayo ndiyo waliyoyasemea kwa sauti kubwa zaidi.

Msomaji wa Dar es Salaam anaijua tofauti kati ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ambayo ni chombo cha kisheria, na chama cha wasanifu, ambacho mtu hujiunga kwa hiari. Nairobi nako ni vivyo hivyo: bodi ni kitu kimoja, Architectural Association of Kenya ni kingine. Marekani mgawanyo ni huo huo. Leseni hutolewa na bodi za majimbo. AIA ni chama. Hakiwezi kumzuia mtu kuchora nyumba. Kinachoweza kufanya ni kushawishi wabunge, kutoa matamko, kuandaa mikataba ya mfano ambayo nusu ya nchi huitumia bila hata kujua imetoka wapi, na kuwaadhibu wanachama wanaovunja maadili yake.

Na maadili yenyewe kwa muda mrefu yalihusu pesa. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 kanuni za AIA zilimkataza mwanachama kushindana na mwenzake kwa ada. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: anayepunguza bei atapunguza na muda wa kufikiri, na jengo litakuja kumdai mtu mwingine. Lakini Idara ya Sheria ya Marekani ililiona jambo hilo kwa jicho la mnunuzi, ikakifikisha chama mahakamani, na mwaka 1972 chama kikakubali kuiondoa marufuku hiyo. Mwaka 1990 kikabanwa tena kwa kosa la jamaa hiyo hiyo, safari hii kwa sababu ya tawi lake la Chicago. Tangu hapo ukizungumzia ada katika kikao chochote cha AIA, mwanasheria hukohoa.

Watu wa kando hawakupewa nafasi kwa urahisi. Mwanamke wa kwanza, Louise Bethune wa Buffalo, alikubaliwa mwaka 1888. Mweusi wa kwanza, Paul Williams wa Los Angeles, aliingia 1923. Williams alijifunza kuchora juu chini, ili mteja mzungu aliyeketi upande wa pili wa meza auone mchoro ukiwa wima mbele yake bila kulazimika kusogea na kukaa bega kwa bega na mtu mweusi. Wateja waliuchukulia kama mchezo wa kuvutia. Alichorea mastaa wa Hollywood majumba katika vitongoji ambavyo masharti ya hati za viwanja yalimzuia yeye mwenyewe kuishi. Medali ya Dhahabu, heshima ya juu kabisa ya AIA, alipewa mwaka 2017. Alikuwa amefariki 1980.

Baada ya Portland, chama kilishtuka. Kwa ushirikiano na Ford Foundation kilianzisha mfuko wa masomo kwa vijana wa jamii zilizoachwa nyuma. Mwaka 1971, wakati wa mkutano mkuu uliofanyika Detroit, wasanifu weusi 12 walikaa kando wakaunda chama chao, NOMA, ambacho kipo hadi leo. Young hakuwahi kuona mengi ya hayo. Machi 1971 alikuwa Lagos, Nigeria, kwa mkutano wa Wamarekani na Waafrika. Akaenda kuogelea baharini, na hakutoka hai. Alikuwa na miaka 49. Mwaka uliofuata AIA ikaanzisha tuzo yenye jina lake, na aliyeipokea kwa mara ya kwanza ni Robert Nash, mmoja wa waasisi wa NOMA.

Wapo waliokuwa wameanza kazi kabla ya kukaripiwa. Mwaka 1964 ilifunguliwa Harlem ofisi iliyoitwa ARCH, ambayo wasanifu wake waliwachorea wakazi mipango mbadala ya kupeleka serikalini pale mji ulipotaka kuwabomolea. Baadaye aliiongoza Max Bond, msanifu mweusi wa Marekani aliyerejea kutoka Ghana ya Nkrumah, ambako alifundisha Kumasi na kuchora maktaba ya Bolgatanga, jengo lenye paa lililoinuliwa juu ya vyumba kama mwavuli ili upepo upite chini yake. Ofisi za aina ya ARCH zilienea katika miji mingi. Silaha yao ilikuwa ndogo lakini kali: afisa wa mipango miji anapofika kwenye mkutano wa hadhara na ramani, na wananchi nao wafike na ya kwao.

Ukitaka kupima matunda ya hotuba ile kwa idadi, utavunjika moyo. Zaidi ya nusu karne baadaye, weusi ni takriban asilimia 2 ya wasanifu wenye leseni Marekani, katika nchi ambayo wao ni zaidi ya asilimia 12 ya watu wote. Sababu hazina siri: masomo ni marefu na ghali, mafunzo ya kazini hulipwa kiduchu, na kazi nyingi hupatikana kwa kujuana. Tuzo haiwezi kulipa karo.

Huenda njia fupi zaidi ingekuwa wasanifu kuingia wenyewe kwenye siasa, lakini hilo ni nadra. Harvey Gantt ni mmoja wa wachache. Januari 1963, kwa amri ya mahakama, alikuwa mwanafunzi mweusi wa kwanza kuingia Chuo cha Clemson, South Carolina, akasomea usanifu. Mwaka 1983 alichaguliwa meya wa kwanza mweusi wa Charlotte, akahudumu hadi 1987. Aligombea useneta mara mbili, 1990 na 1996, dhidi ya Jesse Helms, mkongwe wa siasa za ubaguzi, na mara zote mbili akashindwa.

Palipo na nguvu hasa ya wasanifu katika mambo ya umma ni mahali ambapo waandishi wa habari huwa hawaendi: kanuni za ujenzi. Vitabu vile vinachosha. Vinazungumzia upana wa korido, urefu wa kidato cha ngazi, umbali kati ya mlango na mlango. Lakini anayeandika humo mstari mmoja amechora majengo milioni moja.

Ronald Mace alilijua hilo kwa mwili wake. Alizaliwa 1941, akapata polio akiwa na miaka 9, na tangu hapo akatembelea kiti cha magurudumu. Alipokwenda kusomea usanifu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, ilibidi abebwe kupanda na kushuka ngazi ili afike darasani, na kiti chake hakikupita kwenye mlango wa choo. Alihitimu 1966. Vipimo vya kuwasaidia watu kama yeye vilikuwa vimeshatolewa tangu 1961, ila vilikuwa vya hiari, na hiari ya mwenye jengo ilijulikana. Mwaka ule ule wa hotuba ya Portland, 1968, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuondoa vizuizi, lakini kwa majengo ya serikali kuu au yaliyojengwa kwa fedha zake tu. Duka, kanisa na sinema vilibaki vile vile.

Mace hakwenda kupiga kelele Washington, walau si mwanzo. Alikwenda kwenye kanuni za jimbo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishiriki kuandika sura ya ufikikaji katika kanuni za ujenzi za North Carolina, na ikawa ya kwanza nchini kuwa lazima. Ujanja wake ulikuwa kuchora. Kitabu cha kanuni kwa kawaida ni maneno matupu; yeye alijaza michoro inayoonyesha kiti kinavyogeuka, mkono unavyofika kwenye swichi, goti linavyoingia chini ya sinki, hadi mkandarasi wa kijijini akakosa pa kujifichia. Majimbo mengine yakaiga. Mawazo hayo yakaingia katika marekebisho ya sheria ya makazi ya 1988, kisha katika sheria kubwa ya haki za walemavu iliyosainiwa Julai 26, 1990. Leo mlango wa jengo la umma Marekani lazima uache uwazi wa inchi 32, yaani sentimita 81 hivi, na njia ya mteremko isizidi kupanda kipimo 1 kwa kila vipimo 12 vya urefu.

Naye hakuridhika na walemavu kuwekewa mlango wao wa pembeni. Alidai jengo lichorwe tangu mwanzo kwa ajili ya kila mtu, mama mwenye kigari cha mtoto, mzee wa miaka 80, mbeba mizigo, na akauita mtazamo huo usanifu wa wote. Alifariki 1998. Anayevuta begi la magurudumu uwanja wowote mpya wa ndege anatumia kazi yake bila kumjua.

Mwingine ni Edward Mazria wa Santa Fe, New Mexico, aliyepata jina mwaka 1979 kwa kitabu chake kuhusu kupasha nyumba joto kwa jua. Mwaka 2003 alizipanga upya takwimu za serikali ya Marekani za matumizi ya nishati. Kwa kawaida zilitenganishwa kwa viwanda, usafiri, makazi na biashara, na lawama za hewa chafu zikawaangukia wenye magari. Mazria akakusanya pamoja kila kinachohusu majengo, kuanzia kutengeneza vifaa vyake hadi kuyapoza na kuyapasha joto, akapata karibu nusu ya nishati yote ya nchi. Mhalifu hakuwa dereva. Alikuwa msanifu, ambaye hadi siku hiyo alidhani suala hilo linawahusu watu wa mafuta.

Hapa chama hakikungoja kuzomewa. Mazria alitoa changamoto yake mwanzoni mwa 2006: majengo mapya yapunguze nishati ya mafuta, gesi na makaa hatua kwa hatua hadi kufikia sifuri mwaka 2030. AIA ilikuwa upande wake tangu mwanzo, mameya wa miji mikubwa wakaikubali mwaka ule ule, na mwaka 2007 Bunge likaiingiza katika sheria ya nishati, kifungu cha 433, kwa majengo mapya ya serikali kuu. Kwa kasi ya Washington huo ni umeme. Kisha ikaja kasi ya kawaida: kampuni za gesi zilikipiga vita kifungu hicho miaka nenda miaka rudi, na kanuni ya kukitekeleza ilitolewa 2024, baada ya miaka 17.

Wasanifu wenyewe nao hawajawa safi. Tangu 2009 kampuni zilizojiunga na ahadi ya AIA hutoa taarifa kila mwaka ya nishati ambayo majengo yao yatatumia, na kila mwaka wastani huachwa nyuma na lengo. Hata hivyo, kutangaza upungufu wako hadharani, mwaka baada ya mwaka, ni jambo ambalo fani chache zimethubutu.

Palipo na siasa hapakosi siku ya aibu, na ya AIA ilikuwa Novemba 2016. Donald Trump alikuwa ametangazwa mshindi usiku tu. Kabla kura hazijapoa, mtendaji mkuu wa chama, Robert Ivy, alitoa tamko kwamba AIA na wanachama wake 89,000 wako tayari kufanya kazi na rais mteule, hasa katika mpango wake wa kumwaga mabilioni ya dola kwenye miundombinu. Kwa watu wa ushawishi wa Washington hilo ni tamko la kawaida, hupelekwa kwa kila mshindi kama kadi ya sikukuu. Tatizo ni ile idadi. Wanachama 89,000 hawakuwa wameulizwa. Miongoni mwao kulikuwa na wahamiaji, Waislamu, wanawake waliokuwa wamesikiliza kampeni ile mwaka mzima, na watu waliouona ukuta wa mpakani wa Mexico kama kitu ambacho msanifu hapaswi kukigusa. Wakuu wa vyuo, wahariri na kampuni nzima waliandika barua za hasira. Baadhi wakarudisha uanachama. Ndani ya siku chache Ivy na rais wa chama, Russell Davidson, walijitokeza kwenye video kuomba radhi.

Ni tukio dogo, lakini lilifichua ugonjwa. Chama kilikuwa kimezoea kuongea na serikali kuhusu kazi: bajeti za ujenzi, nafuu za kodi, taratibu za zabuni. Kwa lugha hiyo, rais anayetaka kujenga ni rafiki. Wanachama, hasa vijana, walikuwa wakiuliza swali jingine kabisa: kujenga nini, na kwa ajili ya nani?

Aliyekuwa ameling'ang'ania swali hilo kwa ukaidi kuliko wote ni Raphael Sperry, msanifu wa San Francisco, kutoka kikundi kidogo cha wasanifu na wapangaji miji wanaojali wajibu wa kijamii. Mwaka 2012 alianza kukusanya saini akitaka AIA ibadilishe kanuni zake za maadili: mwanachama asichore chumba cha kutekelezea adhabu ya kifo, wala jela ya kumfungia mtu peke yake kwa muda mrefu. Alitoa mfano wa madaktari, ambao vyama vyao huwakataza kushiriki katika kuua kwa amri ya mahakama. Kama anayechoma sindano anakatazwa, kwa nini anayechora chumba cha sindano aachwe?

Haikuwa hoja ya nadharia. Gereza la San Quentin, California, lilimaliza mwaka 2010 kujenga chumba kipya cha sindano ya sumu kwa zaidi ya dola 800,000. Kaskazini zaidi mwa jimbo hilo lilikuwapo gereza la Pelican Bay, lililofunguliwa 1989, likiwa na kitengo cha zaidi ya vyumba 1,000 visivyo na dirisha. Watu walikaa humo miaka 10, 20, wakitolewa kwa muda mfupi kwenda kutembea peke yao ndani ya uga wa kuta za zege. Julai 2013 wafungwa wapatao 30,000 wa California waligoma kula kupinga utaratibu huo. Hakuna aliyefika katika vyumba vile kwa bahati mbaya ya ujenzi. Kila tundu la chuma la mlango, kila pembe iliyozibwa ili mfungwa asimwone mwenzake, ilikuwa kwenye mchoro, na mchoro ulikuwa na saini na mhuri.

Desemba 2014 chama kilikataa ombi. Sababu yake: kanuni za maadili hazipaswi kumwekea msanifu mipaka ya aina ya majengo anayoruhusiwa kuchora. Wapo pia waliosema kwa dhati kwamba gereza bovu likiachiwa wasio na huruma litakuwa bovu zaidi, na kwamba msanifu mwema ndani ya mradi huweza kuongeza dirisha. Hoja hiyo si ya kutupwa. Ndiyo hoja ya kila mtu mwema aliyewahi kubaki ndani ya jambo baya. Na kwa chama kilichofikishwa mahakamani mara mbili kwa kuwabana wanachama, si ajabu kikaogopa kivuli chake.

Sperry aliendelea. Dunia nayo ilisogea: mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha viwango vipya vya kuwatunza wafungwa, vilivyopewa jina la Nelson Mandela, vinavyopiga marufuku kumfungia mtu peke yake saa 22 au zaidi kwa siku, bila mawasiliano ya maana na binadamu, kwa zaidi ya siku 15 mfululizo. Mwaka 2019 gavana wa California akakifunga kile chumba cha San Quentin. Kisha Mei 2020 George Floyd akauawa Minneapolis chini ya goti la polisi, na vyama vyote vya kitaaluma Marekani vikaanza kujitazama kwenye kioo. Tawi la AIA la New York liliwataka wanachama wake wajiweke mbali na majengo ya namna hiyo. Desemba 2020 bodi ya taifa ikageuza uamuzi wa 2014: mwanachama asichore kwa kujua chumba cha kutekelezea adhabu ya kifo, wala jengo lililokusudiwa kwa kifungo cha upweke cha muda mrefu. Kipimo cha upweke kikachukuliwa kutoka katika Viwango vya Mandela, saa 22 na siku 15. Ilikuwa miaka 8 tangu ombi la kwanza.

Ulinganishe mwendo huo na mwingine wa mwaka ule ule. Februari 2020 ilivuja rasimu ya amri ya rais iliyotaka majengo ya serikali kuu yajengwe kwa mtindo wa Kiyunani na Kirumi, nguzo na mapembetatu, na kuibeza mitindo ya kisasa. AIA ilipinga mara moja, na wanachama wakamimina maelfu ya barua Ikulu katika siku chache. Walisimamia kanuni zilizoandikwa 1962 na Daniel Patrick Moynihan, wakati huo msaidizi wa waziri wa kazi, zinazosema serikali isiwe na mtindo rasmi, na kwamba usanifu utoke kwa wasanifu kwenda serikalini, si kinyume chake. Trump alisaini amri hata hivyo, Desemba mwaka huo, siku chache baada ya uamuzi kuhusu magereza. Joe Biden akaifuta Februari 2021. Wasanifu walikuwa na haki ya kupinga. Serikali ikianza kuamuru umbo la nguzo, itaishia kuamuru mengine. Ila tofauti ya kasi inasema kitu: kalamu yao ilipotishiwa, walijibu kabla wino wa gazeti haujakauka.

Agosti 28, 2025, Trump akiwa amerejea madarakani, alisaini amri mpya ya aina ile ile, inayoyapa kipaumbele majengo ya kimapokeo kwa mahakama, makao makuu ya idara na miradi ya serikali kuu inayozidi dola milioni 50. AIA ikapinga tena. Amri hiyo imeshika, kwa kuwa mteja ni serikali na mteja ndiye mwenye hela.

Kanuni ya magereza nayo imebaki. Inamhusu mwanachama tu. Akiivunja, adhabu ya juu kabisa ambayo baraza la maadili linaweza kutoa ni kumfuta uanachama. Leseni yake, iliyotolewa na bodi ya jimbo, haiguswi. Anaweza kurudi ofisini na kuumalizia mchoro ule ule, akaupiga mhuri.